Kodiani ya mtumba, besi 80: nilivyoipima kabla ya kutoa pesa

Nina miezi minane nayo hapa Unguja, katika kikundi kidogo cha taarabu chenye ala za nyuzi: kanuni, udi na fidla mbili. Ni kodiani ya Kijerumani: vibonyezo 34 mkono wa kulia, vitufe 80 vya besi (safu 5, mistari 16), sauti tatu, swichi tano. Muuzaji alianza na shilingi 1,800,000, nikaichukua kwa 1,250,000. Kwa bei hii imestahili. Kwa ile ya kwanza isingestahili, na sababu zote zilikuwa ndani, nje hazionekani.

Ganda lisikuhadae. Seluloidi ya miaka hamsini ukiisugua vizuri kwa kitambaa inang'aa kama ya jana. Thamani ya kodiani imo kwenye ndimi zake, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka na kutoa sauti hewa ikipita. Piga hesabu ya hii yangu: vibonyezo 34, kila kimoja sauti tatu, na kila sauti ina ulimi wa kuvuta na ulimi wa kusukuma. Hizo ni 204. Upande wa besi, noti 12 kwa seti nne, mara mbili tena, ni 96. Jumla 300. Fundi akikwambia ataisawazisha sauti yote, ana maana ya kushika vipande 300 kimoja kimoja, na bei yake itakuwa ya kazi hiyo.

Kwanza nilipima mvukuto. Fungua mikanda yake miwili, shika upande wa vibonyezo kwa mikono miwili, uache upande wa besi uning'inie bila kugusa kitufe chochote. Mvukuto usiovuja hushuka polepole mno. Ukifunguka wote kabla hujahesabu tano, hewa inatoka mahali. Wangu ulishuka taratibu, nikahesabu hadi kumi na tano na ulikuwa bado haujafika nusu. Kama wako unashuka haraka, usiukatae papo hapo. Tafuta kwanza panapovuja. Pakivuja kwenye maungio ya mvukuto na kisanduku, ni utepe wa ngozi tu umekauka, kazi ya nusu siku. Pakivuja kwenye kona za mikunjo, pale ngozi nyembamba inapojikunja, hilo ni jambo lingine. Ukiwa na ruhusa ya kuifungua, ingiza tochi ndani ya mvukuto chumba kikiwa giza: kila tundu litaonekana kama nyota. Kona moja au mbili zinabandikika. Zikiwa nyingi, mvukuto umechoka, na mvukuto mpya hutengenezwa kwa kipimo cha kodiani yenyewe.

Kisha sauti. Swichi zina alama ya duara lenye nukta. Nukta moja katikati ni sauti ya kati peke yake, nukta moja chini ni sauti nene, nukta mbili katikati ni sauti mbili zilizopishanishwa kidogo ili zitetemeke. Kosa la wanunuzi wengi ni kujaribu kwa swichi inayofungua sauti zote tatu, maana ulimi mbovu hujificha nyuma ya wenzake. Anza na nukta moja. Piga kila kibonyezo ukivuta, halafu ukisukuma, huku simu yenye programu ya kupimia sauti ikiwa mezani. Usishtuke noti zote zikisoma juu kwa senti 8 hivi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni): kodiani hiyo imewekwa kwenye La ya mitetemo 442 kwa sekunde badala ya 440, si mbovu. Fidla, udi na kanuni zitaifuata, maana yenyewe haikazwi wala kulegezwa jukwaani. Kinanda cha umeme ndicho utakachokipandisha sauti kidogo kiifikie. Ubovu ni pale noti moja inaposoma juu kwa 8 na jirani yake chini kwa 12, au ukivuta ni hivi na ukisukuma ni vile. Kwenye nukta mbili, sikiliza mtetemo: uongeze kasi kidogo kidogo kadiri unavyopanda. Noti inayotetemeka ghafla kama kengele ya baiskeli, ulimi wake mmoja umehama.

Jambo moja kwa watu wa taarabu: kodiani iliyopitia Misri au Ghuba huenda noti zake za Mi na Si zimeshushwa robo toni kwa makusudi, ili ipige Rasti na Bayati, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Ukiisikia hivyo, uliza kwanza. Kwa mpigaji wa nyimbo za Kiarabu hiyo ni nyongeza ya thamani, kwa kwaya ya kanisa ni hasara.

Sasa ndani, na hapa ndipo nilipopunguziwa bei. Mvukuto umeshikwa na misumari midogo pembezoni. Ichomoe kwa koleo lililozungushiwa kitambaa, na uipange mezani kwa mpangilio ulioitoa, kwa sababu matundu hayalingani. Utaona vibao vya mbao vilivyopangwa sahani za alumini zenye ndimi, zimegandishwa kwa nta. Bonyeza nta kwa ukucha. Nzuri ina rangi ya asali na inaacha alama. Iliyokufa ni ya kijivu, inapasuka na kumeguka kama mkate mkavu. Yangu ilikuwa nzuri kwenye vibao viwili, na ya kumeguka kwenye kibao cha sauti nene: sahani nne zilicheza nilipozigusa kwa kidole. Ndiyo sababu noti za chini zilikuwa zikikoroma. Nta ya kurudishia ni ya nyuki, sehemu tatu au nne kwa sehemu moja ya rosini, ileile ya upinde wa fidla. Ukikuta supaglu au silikoni mahali pa nta, shusha bei bila huruma, kwa kuwa atakayekuja kutengeneza atalazimika kukwangua kwanza.

Halafu kutu. Madoa mepesi ya rangi ya chungwa hufutika, ingawa sauti itahitaji kurekebishwa baadaye. Kutu iliyochimba chuma haitibiki. Ulimi huo ubadilishwe. Tazama pia mikwaruzo ya tupa: ukikwangua karibu na ncha sauti hupanda, karibu na ribiti inayoushikilia ulimi kwenye sahani hushuka. Mikwaruzo mirefu karibu na ribiti inaonyesha ulimi umeshanyolewa mara nyingi, na siku moja utakatika katikati ya wimbo. Upande wa pili wa karibu kila ulimi, isipokuwa zile ndogo za noti za juu kabisa, kuna kikope chembamba cha ngozi kinachozuia hewa isipite bure. Kikijikunja, noti huchelewa kuamka na unasikia "pap". Nilikuta sita vya namna hiyo. Kubandika vipya ni kazi rahisi.

Besi nilizijaribu kuanzia Do, kitufe chenye kishimo, nikaenda juu na chini mistari yote 16. Vitufe viwili vilikuwa vimezama, fimbo zimeruka tu kwenye ndoano zake. Vikizama kumi, ondoka. Kuvua fimbo 80 na kuzirudisha kwa mpangilio si kazi ya kila fundi wa redio.

Kasoro zangu: unyevu wa masika umevimbisha vibonyezo vitatu vya mbao, vinapanda kwa uvivu hadi jua lirudi. Sanduku lilikuja likinuka ukungu, nalo nimelitupa. Na kilo zake karibu tisa zinachosha bega kwenye harusi inayokesha.

Naihifadhi imesimama kwa miguu yake, kama ninavyoivaa, ili vikope visining'inie, na pakiti za kunyonya unyevu zimo ndani ya begi. Garini haibaki. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, hulegea mapema zaidi ya hapo, na buti la gari lililoegeshwa juani mchana wa kaskazi ni kama tanuri.