Mawe Hai Badala ya Kichujio: Tathmini ya Tangi la Matumbawe la Nyumbani

Ninachokitathmini hapa si chombo cha kampuni fulani bali ni mpangilio mzima wa tangi la maji chumvi lisilo na kichujio cha nje wala skima ya protini (kifaa kinachonasa uchafu wa maji kwa povu la viputo vya hewa), yaani tangi lenye mawe hai, mchanga, pampu ya kuzungusha maji, taa, na hita inapohitajika. Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki aliyeishi Jakarta, Indonesia, alieleza jinsi alivyofuga viumbe wa miamba ya bahari kwa kutegemea mawe yaliyotolewa baharini pamoja na uhai uliomo, mwanga wa jua na viputo vya hewa. Wafugaji wa Ujerumani waliokuja baadaye waliyachukua mawe hayo wakayaongezea skima, na mpangilio wao ndio uliosambaa zaidi. Nimeutumia mpangilio ule wa awali kwa muda wa kutosha kusema kwamba unafanya kazi, ila kwa masharti ambayo wauzaji hawayataji.

Kila kitu kinategemea mawe, kwa hiyo nianze nayo. Jiwe hai ni masalia ya mifupa ya matumbawe yaliyojaa vitundu, na bakteria wanaoishi kwenye tabaka la juu, ambako oksijeni ni nyingi, huigeuza amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Ndani zaidi, ambako oksijeni haifiki kwa urahisi, bakteria wa aina nyingine huivunja nitrati na kuiachia kama gesi ya nitrojeni. Ndiyo maana jiwe zuri hupimwa mkononi kabla ya kutazamwa: linapaswa kuwa jepesi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, kwa kuwa wepesi huo ndio nafasi ya bakteria. Katika shehena niliyonunua, mawe mengi yalikuwa mepesi, yenye madoa ya zambarau ya mwani mgumu, lakini machache yalikuwa mazito na yaliyoshikana kama tofali, na hayo yanafaa kuwa msingi wa kuegemeza mengine tu. Jiwe linalonuka yai bovu lisipokelewe. Hata mawe bora hufa kwa sehemu yakiwa safarini, hivyo tangi liachwe bila samaki kwa majuma kadhaa hadi vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri. Hapa haraka ya mnunuzi huharibu zaidi kuliko ubovu wa bidhaa.

Mawe hayo huja na wageni. Ukimulika usiku kwa tochi yenye mwanga mwekundu utaona minyoo yenye manyoya ikijinyoosha kutoka kwenye nyufa kuokota punje za chakula zilizoachwa na samaki, na kurudi ndani ghafla mwanga ukiwa mkali. Hawa ni wafagizi, waachwe. Mgeni wa kuogopwa ni anemoni mdogo wa kahawia aitwaye Aiptasia, ambaye huchoma matumbawe yaliyo jirani, na akikatwa huota upya kutokana na kipande chochote kilichobaki. Baadhi ya watu hushauri jiwe lenye wadudu hao lichemshwe. Ushauri huo ni wa hatari kubwa, kwa sababu zoantidi, viumbe jamaa wa anemoni wanaoota juu ya mawe, zinaweza kuwa na sumu ya palitoksini, na mvuke wa mawe ya namna hiyo umewahi kuwafikisha watu hospitalini.

Pampu ndiyo kifaa pekee ambacho sishauri kubana matumizi. Bila kichujio, maji yanafika kwenye bakteria kwa nguvu ya mkondo tu, na mkondo huohuo ndio unaopeleka oksijeni na kuzuia uchafu usitulie nyuma ya mawe. Pampu inayozungusha mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa inatosha kwa matumbawe laini, mradi ielekezwe juu kidogo ili uso wa maji utikisike. Kero yake ni matone yanayorukia ukingoni na kuacha ukoko mweupe wa chumvi juu ya kioo na kwenye waya, ambao lazima ufutwe kila mara. Kinachopungua kwa uvukizi ni maji, si chumvi. Kwa hiyo hujazwa kila siku kwa maji yasiyo na chumvi wala madini, ili uzito wiani (uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matupu) ubaki karibu na 1.025. Tangi dogo halisamehe uzembe katika jambo hili.

Upungufu mkubwa wa mbinu hii ni idadi ya samaki. Tangi la lita 100 linabeba samaki klauni wawili na labda mmoja mwingine mdogo, wakilishwa kidogo, na atakayetaka kundi la samaki wa rangi anapaswa kununua skima bila kubishana. Asilimia 10 ya maji hubadilishwa kila wiki, kazi ambayo kwa kweli ndiyo inayochukua nafasi ya vifaa vilivyoachwa. Matumbawe laini, kama vile uyoga wa bahari na matumbawe ya ngozi, hustawi vizuri katika hali hii na hata hupenda nitrati kidogo. Matumbawe magumu ya matawi ni habari nyingine: hutaka kalisi ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita na kiwango cha alkali kisichoyumba, na yakishakua, kubadilisha maji peke yake hakuyatoshelezi.

Kwa utulivu wa sebule naupa mpangilio huu alama za juu, kwa kuwa hauna sauti ya skima inayogugumia wala kikombe cha povu linalonuka, na katika hitilafu ya umeme hakuna kichujio kilichofungwa ambacho bakteria wake hufa na kuchafua maji umeme unaporudi. Ila kwa mawe yenyewe, mnunuzi adai hati halali za muuzaji, kwani biashara ya kimataifa ya mawe hai inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Zisipopatikana, anunue mawe makavu yenye vitundu na kuyapandikiza bakteria kwa kipande kimoja kutoka tangi lenye afya. Yatachelewa kukomaa, lakini hayataleta Aiptasia zaidi ya aliye kwenye kipande hicho, ambacho basi kikaguliwe kwa makini kabla ya kutumbukizwa.