Tecsun PL-330: redio ndogo ya masafa mafupi na namna ya kuinunua kwa akili

Neno "bendi" ndilo linalouza redio nyingi madukani mwetu. Mteja huonyeshwa boksi lililoandikwa kwamba ndani mna redio ya bendi 10, 12 au hata zaidi, naye huamini kwamba bendi zikizidi na vituo vitazidi. Hesabu haiendi hivyo. Masafa mafupi yote, tangu kilohezi (kHz, kipimo cha masafa) 3,000 hadi 30,000, ni uwanja mmoja. Redio ya mshale yenye bendi 10 za masafa mafupi imechukua vipande 10 vya uwanja huo na kuvitandaza ili mshale upate nafasi ya kutembea, ilhali masafa yaliyo kati ya kipande na kipande mara nyingi yameachwa nje kabisa. Redio ya dijitali isiyojisifu kwa bendi hata moja yaweza kuushika uwanja wote bila pengo. Kwa hiyo maswali ya kumwuliza muuzaji ni matatu: redio hii inaanzia kilohezi ngapi, inaishia ngapi, na je, itanionyesha kwa tarakimu mahali nilipo?

Nimeyajua haya kwa kumnunulia redio baba yangu mkubwa, anayeishi kijijini katika bonde la Ziwa Rukwa, mahali ambapo FM hufika kwa kubahatisha na mtandao wa simu hupatikana ukipanda kilimani. Redio ya kwanza niliyompelekea ilikuwa ya mshale, yenye bendi 12, tochi, tundu la kadi ya muziki na kipande cha sola mgongoni. Kwa mchana mmoja ilitupendeza. Jioni, vituo vilipojaa hewani, kituo kimoja chenye nguvu kilijitokeza sehemu tatu tofauti za kioo, na viwili vilivyokaribiana vikawa vinazungumza pamoja. Baya zaidi lilikuwa kwamba idhaa aliyoipata leo hakuipata kesho, ingawa mshale ulikuwa palepale alipouacha, kwa sababu redio za aina hiyo huhama kidogo kidogo kadiri zinavyopata joto na kadiri mawe yanavyoisha nguvu. Mzee aliyesikiliza redio tangu ujana wake alianza kudhani kwamba masikio yake ndiyo yanayomsaliti. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nitafute chombo kingine kwa uangalifu.

Nilichokipata ni Tecsun PL-330, redio ya Kichina yenye urefu wa karibu sentimita 14 na upana wa sentimita 8 na nusu, inayotosha mfukoni mwa koti. Nimeitumia kwa mwaka mmoja na nusu, kwanza mwenyewe mjini, kisha nikaipeleka kijijini na kununua nyingine ya kubaki nayo. Inashika FM, masafa ya kati, masafa marefu (ambayo huku kwetu hayana kazi), na masafa mafupi yote pamoja na kipande kilicho chini yake, tangu kilohezi 1,711 hadi 29,999. Ndani yake mna chipu inayochuja na kuchakata sauti kidijitali, na hiyo ndiyo sababu kituo ulichokiweka leo utakikuta kesho kwenye namba ileile, iwe asubuhi yenye baridi au adhuhuri yenye jua kali.

Sifa yake kubwa kwangu ni vitufe vya namba. Unaandika kilohezi kama unavyoandika namba ya simu, na redio inakwenda moja kwa moja. Baba mkubwa ana daftari dogo la mistari ambamo ameandika kwa mkono wake jina la idhaa, saa na namba, na sasa jioni haimpotezei muda: anafungua daftari, anabonyeza, anasikiliza. Gurudumu la kutafutia lipo ubavuni kwa anayependa kutembea polepole kutoka kituo hadi kituo, na ninakiri kwamba mimi hulipenda zaidi, lakini kwa mtu anayetaka habari za jioni bila usumbufu, vitufe ndivyo vinavyotenganisha redio hii na ile ya mshale.

Ipo pia njia ya kutafuta vituo yenyewe, inayoitwa ETM+. Unabonyeza kwa muda, redio inapita kwenye masafa na kuhifadhi ilivyovikuta. Uzuri wake ni kwamba kwa masafa mafupi huhifadhi kulingana na saa: orodha iliyokusanywa saa moja jioni haifutwi na ile ya saa moja asubuhi, na ukiwasha kesho saa ileile unaletewa orodha ya saa hiyo. Kwa kuwa vituo vya masafa mafupi hubadilika kwa saa, utaratibu huu una maana kubwa, mradi saa ya redio iwe imerekebishwa sawasawa. Utafutaji huo huchukua dakika kadhaa na huokota makelele pia, hivyo usishangae ukikuta vituo vitatu hewa kati ya kumi.

Jambo la pili lililonishawishi ni vichujio. Katika masafa mafupi unaweza kuchagua upana wa kilohezi 2.5, 3.5 au 5. Kituo kikiwa peke yake, upana wa 5 hutoa sauti nzito na ya kupendeza; jirani mwenye nguvu akitokea kilohezi 5 pembeni, unashuka hadi 2.5, sauti inafifia kidogo kama inayopita kwenye bomba, lakini maneno yanasikika. Redio ya mshale haikupi uamuzi huo. Kama unasikiliza habari na hotuba, ambako neno likipotea maana inapotea, sifa hii ina thamani kuliko tochi na kadi ya muziki zikiunganishwa.

PL-330 hupokea pia SSB, yaani mazungumzo yanayorushwa upande mmoja tu wa wimbi, ambayo kwenye redio ya kawaida husikika kama bata anayezungumza akiwa chini ya maji. Waendeshaji wa redio za ridhaa, yaani watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, hutumia njia hiyo: chini ya kilohezi 10,000 huchagua upande wa chini, hasa kati ya 7,000 na 7,200, na juu yake huchagua upande wa juu, kwa mfano kati ya 14,000 na 14,350. Baba mkubwa hajawahi kuigusa sehemu hiyo. Mimi nimekesha nayo, nikizungusha kwa hatua ndogondogo mpaka sauti ya mtu wa mbali inapopata umbo la sauti ya mtu. Asiyevutiwa na hayo hatapoteza kitu kwa kununua redio isiyo na SSB.

Betri inastahili aya yake. Ni BL-5C ya volti 3.7, ileile iliyokuwa kwenye Nokia 1100 na simu nyingi ndogo zilizofuata. Kila duka la vifaa vya simu, hadi kwenye magulio, lina betri hiyo, na fundi yeyote anaijua. Kwa mtu wa kijijini hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana kwenye maelezo ya kiwandani: redio haitageuka pambo la kabatini kwa sababu ya betri isiyopatikana. Tahadhari ni kwamba BL-5C za bandia zimejaa. Niliyoinunua gulioni ilidumu jioni mbili, ilhali ya awali humtosha mzee karibu wiki nzima kwa saa mbili au tatu kwa siku. Kuchaji ni kwa waya wa USB wa simu za zamani kidogo, lakini usisikilize masafa mafupi huku redio ikichajiwa, kwa sababu chaja nyingi hutia mngurumo unaofunika vituo vyote dhaifu.

Sasa kasoro. Spika ni ndogo. Chumbani inatosha, barazani penye watu sita haitoshi, na mzee hulazimika kuiegemeza ukutani ili sauti irudi. Maandishi kwenye vitufe ni madogo mno kwa macho ya mtu wa miaka 70, nami nilibandika alama za rangi kwenye vitufe vinne anavyovihitaji. Kituo kinapopanda na kushuka, namna redio inavyofuatilia nguvu yake si tulivu, na sauti huweza kuyumba kwa ghafla kuliko kwenye redio kubwa. Tena, baadhi ya kazi zake zimefichwa nyuma ya kubonyeza kwa muda mrefu, kiasi kwamba asiyekuwa na mtu wa kumwelekeza hatazijua kamwe.

Hata redio nzuri hunyamaza mikononi mwa asiyejua saa za kusikiliza. Mawimbi haya husafiri mbali kwa kurudishwa na tabaka la juu la angahewa ambalo jua huligeuza liweze kuyarudisha. Mchana, sehemu ya chini ya tabaka hilo huyanyonya masafa ya chini, ndiyo maana mita bendi 49 (kipande cha masafa kinachoitwa kwa urefu wa wimbi lake; mita zikizidi, kilohezi hupungua), iliyo karibu na kilohezi 6,000, huwa kimya saa sita mchana na hujaa baada ya magharibi. Mchana tafuta mita bendi 19 na 16, yaani karibu na kilohezi 15,100 hadi 15,800 na 17,480 hadi 17,900. Jioni shuka kwenye 25 na 31. Usiku nenda 41 na 49. Mita bendi 31, kati ya 9,400 na 9,900, ndiyo ninayoanzia kila nisipojua pa kuanzia. Mawimbi hayo pia huweza kumruka jirani: kituo cha Zanzibar, kilipokuwa kikirusha kwa kilohezi 11,735, kilikuwa maarufu kwa wasikilizaji wa Ulaya wanaowinda vituo vya mbali, hivyo kukosa kituo kilicho karibu nawe hakumaanishi kwamba redio ni mbovu.

Ratiba za idhaa za kimataifa huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, na hapa msemaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki ana njia ya mkato. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3, na saa zetu za Kiswahili ziko nyuma ya saa za kizungu kwa 6, kwa hiyo toa 3 tu kutoka kwenye UTC na utapata saa ya Kiswahili: 15:00 ni saa 12 jioni, 04:00 ni saa 1 asubuhi, na 17:30, ukitoa 3 kisha 12, ni saa 2 na nusu usiku. Kumbuka pia kwamba idhaa nyingi hubadilisha masafa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kituo kikitoweka siku hizo, kitafute kwingine kabla ya kulaumu redio. Sitaficha kwamba uwanja wenyewe umepungua: Radio Netherlands iliacha masafa mafupi mwaka 2012, kituo cha BBC cha kurushia matangazo huko Ushelisheli kilifungwa 2014, na kile cha Deutsche Welle kilichokuwa Kigali kikafungwa 2015. Anayenunua leo ajue kwamba atasikia vichache kuliko alivyosikia baba yake. Vilivyobaki, hata hivyo, humfikia mtu asiye na bando wala mnara wa simu.

Adui mkubwa wa sasa ni makelele ya umeme. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, na hasa kontrola za sola zilizoenea vijijini hutoa mvumo unaojaza masafa mafupi yote. Kule bondeni tuliiona redio ikifa kila taa ya sola ilipowashwa, ikafufuka tulipotoka nayo hatua 20 nje ya nyumba. Paa la bati nalo huzuia mawimbi, hivyo antena ya kuvuta hufanya kazi vizuri zaidi dirishani au uani kuliko katikati ya chumba. PL-330 ina tundu la antena ya nje la milimita 3.5. Tulichukua waya wa umeme wa kawaida wa mita 8, tukaufunga kwenye pini ya spika za masikioni iliyokatwa, tukaupeleka hadi kwenye mwembe mbali na taa, na vituo vilivyokuwa vikinong'ona vikaanza kusema. Usiongeze urefu kwa tamaa, maana usiku waya mrefu mno huilemea redio ndogo kama hii, ikaanza kuchanganya vituo kama ile ya mshale.

Bei yake, kwa wauzaji niliowaona, huwa kati ya dola 70 na 90 kabla ya usafirishaji. Si fedha ndogo. Anayetaka spika kubwa zaidi aitazame XHDATA D-808, ambayo nayo ina SSB na hutumia betri ya 18650, inayopatikana pia kwa mafundi wa tochi. Mwenye kipato kidogo anayesikiliza idhaa moja yenye nguvu anaweza kuridhika na Tecsun R-9012 ya mshale, yenye kutumia mawe mawili madogo, mradi avumilie kutafuta upya kila jioni. Mimi kwa ajili ya baba mkubwa ningeinunua PL-330 tena, na ningeongeza BL-5C ya akiba kutoka duka ninaloliamini. Kilichobaki ni kumkumbusha kila masika kwamba wingu likianza kunguruma, hata kama habari ziko katikati, waya wa mwembeni uchomolewe kwanza na utupwe nje ya dirisha.