Mrashi wa nyanya yangu na sonara wa Langoni: uzoefu wangu

Zimepita wiki tano tangu nichukue vitu vyangu kwa sonara wa mtaa wa Langoni, mjini Lamu, na nimengoja makusudi kabla ya kuandika. Kazi ya lehemu haijulikani siku unapokabidhiwa. Hujulikana ukishatia marashi, ukatikisa, ukaweka, ukatikisa tena. Mrashi wangu, chombo cha fedha cha kunyunyizia marashi, umeshapita Maulidi mazima, umeshikwa na mikono isiyopungua kumi, na shingoni mwake hapajatoka hata tone. Sasa naweza kusema nililoliona.

Mimi hukusanya fedha ya mezani: vijiko, uma, upawa, visahani, mabuli ya chai, na pamoja navyo mirashi na vyetezo vya majumba yetu ya Amu, yaani Lamu. Mapenzi haya niliyarithi na vitu vyenyewe. Nyanya yangu alipofariki aliniachia mrashi aliotunzwa siku ya harusi yake, na vijiko 6 vya chai ambavyo babu alivinunua mnadani Mombasa, vyote vimefungwa ndani ya leso moja kuukuu. Zidaka za kwetu, vile vishubaka vya ukutani, zilikuwa na sahani za Kichina tu. Tangu siku hiyo kidaka cha katikati ni cha mrashi.

Mwaka juzi nilikuwa safarini. Watoto wakauangusha, shingo ikakatika pale inapokutana na tumbo. Mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, akaupeleka kwa fundi wa redio, naye akaushika kwa risasi, ile metali laini ya kijivu. Niliporudi nikakuta donge la kijivu limeganda shingoni na marashi yanachirizika kila ukiuinamisha. Nililia, na sioni haya kusema.

Kabla ya kumpata sonara huyu nilikuwa nimeshaumizwa mara mbili, na nayaeleza yote mawili kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nimchunguze kwa makini.

La kwanza ni duka moja la vitu vya kale la Malindi, ambalo silitaji. Niliuziwa vijiko 6 kwa shilingi 9,000, nikaambiwa ni fedha halisi ya Uingereza. Nyuma ya mpini palikuwa na vijimuhuri vinne vimepangwa mstari, kila kimoja ndani ya ngao yake ndogo, na kwa mwanga hafifu wa dukani nikaridhika. Nyumbani, kwa lenzi, nikaona ngao zile zimebeba herufi tu: E, P, N, S. Maana yake ni vya kuchovya: ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na juu ni ngozi nyembamba ya fedha iliyopakwa kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham iliupatia hataza mwaka 1840. Vitu vya kuchovya si vibaya, vingine vimetengenezwa kwa ustadi mkubwa na mimi mwenyewe ninavyo. Ubaya ni kuuziwa kwa bei na kwa jina lisilo lake. Niliporudi na malalamiko niliambiwa nimeshavitumia.

La pili liliniuma zaidi. Nilimpa fundi wa mji mwingine kijiko kimoja cha babu akinyooshe. Alikinyoosha vizuri, kisha akakisugua kwa mashine ya kung'arisha mpaka kikawa kama kioo. Simba wa kwenye muhuri alibaki kivuli, miguu imefutika, mgongo umelainika. Fedha ni laini na mashine haina huruma. Muhuri uliodumu zaidi ya miaka mia moja ulikwisha kwa dakika chache, na hakuna wa kuurudisha.

Basi nilipoelekezwa kwa mzee huyu nilikwenda na moyo mzito. Anafanyia kazi kwenye chumba kidogo Langoni, nyuma kidogo ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Hana kibao mlangoni, na ameniomba nisimtaje jina. Ukiuliza sonara mzee utaonyeshwa. Ndani kuna fuawe iliyozama kwenye gogo la mti, tupa za kila namna, mizani ndogo, na sanduku la vipande vya sahani za kale anavyovivika fedha kuwa pete, zile pete za Amu ambazo wageni huzipenda sana.

Nilimwamkia, nikaweka mrashi mbele yake. Hakutaja bei. Aliuinua kwenye mwanga wa mlango, akaukwangua ule uvimbe wa kijivu kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha ukaacha alama. "Risasi hii," akasema. "Mwanangu, nikiutia moto hivi ulivyo, risasi itaila fedha, nawe utarudi nyumbani na tundu." Akanifahamisha kwamba risasi huyeyuka mapema mno, na fedha ikipata moto mkali ikiwa na risasi juu yake, risasi huingia ndani na kuitoboa. Lazima iondoke yote kwanza, kwa kukwangua tu, na hiyo peke yake ni kazi ya siku mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Fundi anayetaka pesa yako haraka hakwambii mambo hayo.

Akaupima mrashi mbele yangu: gramu 212. Akaandika kwenye daftari, akanipa kikaratasi chenye uzito huo. Ulipotoka ulikuwa gramu 207, na risasi yote aliyoikwangua alikuwa ameniwekea kwenye karatasi iliyokunjwa, kama duka la dawa. Sikumwomba afanye hivyo.

Siku ya kulehemu alinitumia kijana wake. "Ndoo utizame," yaani njoo utazame, ndiyo salamu niliyoletewa, nikaacha kila kitu nikaenda. Lehemu yake huitengeneza mwenyewe: kipande cha fedha na kidogo cha shaba ya njano, huviyeyusha pamoja, hufua mpaka viwe bati jembamba, kisha hukata vijipande kama punje za mtama. Mchanganyiko huo huyeyuka kabla ya fedha yenyewe, ambayo hungoja mpaka karibu nyuzi 962 za Selsiasi, na kazi yote ya sonara inafanyika katika mwanya huo mdogo. Alipaka boraksi, unga unaosaidia lehemu kukimbia, iliyokorogwa kwa maji kwenye mshono, akapanga zile punje moja moja kwa ncha ya kibano, akafunga shingo na tumbo kwa waya mwembamba. Kisha moto. Boraksi ikafura ikawa na povu jeupe, halafu ikatulia ikawa kama kioo kilichoyeyuka. Fedha ikaanza kuiva wekundu wa mbali. Mzee akaufunga mlango nusu ili aione rangi, maana kwenye jua huwezi kuitambua. Ghafla punje zile zikametameta na kukimbia mshono mzima, kuuzunguka, kama maji yanavyoshika ukingo wa kata. Akaondoa moto papo hapo. Nadhani haikufika sekunde mbili.

Nilikuwa nimezuia pumzi bila kujua.

Baadaye aliutia kwenye maji ya ukwaju kuondoa weusi wa moto, akausugua kwa kitambaa na chokaa laini, kwa mkono. Nilipotaja mashine alitikisa kichwa. Alisema maua yaliyochongwa tumboni mwa mrashi yanaonekana kwa sababu ya weusi uliolala ndani ya mistari. Ukiung'oa weusi wote, ua linapotea. Kwa hiyo pia alinikataza ile njia ya karatasi ya foili, magadi na maji ya moto ambayo wengi wetu tunaitumia. Kwa vijiko visivyo na nakshi inafaa, kwa sababu weusi wenyewe ni fedha iliyoshikana na salfa, na foili huivuta ile salfa ikaiacha fedha mahali pake. Kwa mrashi, hapana. Wala kwa visu vya kale vyenye mipini ya fedha, ambayo aghalabu ni mitupu iliyojazwa lami au ulimbo. Ndani ya maji ya moto ule ujazo hulainika na kisu kikachomoka.

Vile vijiko vya babu, vile vitano vilivyosalimika, alivitazama kwa lenzi kwa muda mrefu. Kuna nanga, ambayo ni alama ya Birmingham. Kuna simba anayetembea, ndiye anayethibitisha kwamba fedha ni sehemu 925 katika 1000. Kuna herufi ya mwaka, muhuri wa aliyevitengeneza, na kichwa cha Malkia Victoria. Hicho kichwa ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa alama ya ushuru uliolipwa, na alama hiyo iliachwa mwaka 1890. Maana yake vijiko vyangu ni vya kabla ya hapo, bila hata kuhangaika na herufi ya mwaka, ambayo inachanganya kwa kuwa herufi zilezile hurudi kila zinapokwisha na tofauti iko kwenye umbo la herufi na la ngao. Ukikuta kichwa cha chui, hiyo ni London. Taji lilikuwa la Sheffield mpaka 1974.

Viwili vilikuwa vimepinda shingo. Alivinyoosha juu ya gogo kwa nyundo ya mti, na kila alipogeuza kijiko alikuwa akifunika mihuri kwa kidole gumba. Nilimwuliza kwa nini. "Hii si kazi yangu, ni ya mwenyewe aliyeitia. Sina ruhusa ya kuifuta." Nilimwonyesha na kile cha sita, kilichofutwa simba. Alikishika tu, akanirudishia, hakusema kitu.

Vile vya Malindi navyo nilimpelekea, nipate hakika. Hakuhitaji hata asidi. Alinionyesha nyuma ya bakuli la kijiko, pale panapogusa meza kila kikiwekwa: palikuwa na doa la unjano, ngozi ya fedha imelika. Alitia tone la asidi hapo kwa kunitosheleza, likageuka kijani. Kwenye sumaku ningedanganyika, kwa sababu mchanganyiko ule wa ndani hauvutwi na sumaku, kama vile fedha isivyovutwa.

Kuhusu mrashi hakukuwa na muhuri wowote wa kusoma, na hili linawasumbua wanaoanza kukusanya. Fedha nyingi ya pwani yetu haina muhuri. Masonara wa zamani walikuwa wakiyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu za fedha, zile zilizoandikwa 1780 hata zikitengenezwa miaka mia baadaye, na reale ile ni sehemu 833 tu katika 1000. Kwa hiyo kitu cha kale cha Amu kisipofika 925 usikidharau. Mrashi wangu, kwa umbo lake na maua yake, mzee alisema kazi ni ya Bara Hindi. Nyanya naye alikuwa akisema hivyohivyo.

Sasa yasiyonipendeza. Aliniahidi siku kumi, zikawa ishirini na nne. Simu haipokei akiwa kazini na hapigi kukuarifu, na Maulidi yalikuwa yamekaribia. Nilikwenda mara tatu bure, na mara ya tatu nilikasirika kweli. Risiti hana, ni daftari lake na kile kikaratasi. Na ukiutazama mshono kwa karibu utaona uzi mwembamba wenye unjano, kwa ajili ya ile shaba ndani ya lehemu. Alinieleza mapema kwamba utaonekana, lakini kwa mtu anayetaka kitu kionekane hakijawahi kuvunjika, si kwake. Mimi nimeshauzoea, na siku hizi kidole changu huutafuta.

Nililipa shilingi 4,500 kwa mrashi na 800 kwa kila kijiko kati ya vile viwili. Fedha ya lehemu niliitoa mwenyewe, kipande cha kikuku kilichovunjika, na kilichobaki alinirudishia kwa mizani.

Jamaa mmoja anayeishi nje aliona picha akataka kuununua mrashi. Siuzi. Lakini kwa wenye nia hiyo, sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na huwezi kukitoa nchini bila kibali. Ulizeni kwanza pale Makumbusho ya Lamu, ufukweni, kabla ya kuahidiana bei na mtu.

Tangu nivichukue, kila kitu nakifunga kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya kulainisha, ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana, na vipande viwili vya chaki vya kunyonya unyevu. Upepo wetu wa bahari una chumvi na chumvi huila fedha. Mipira ya kufungia sitii kabisa, ina salfa. Yai nalo silili kwa kijiko cha babu.

Sonara hufungua asubuhi na kufunga adhuhuri, Ijumaa hayupo. Mwendee miezi miwili kabla ya shughuli yako, chukua kipande chako cha fedha, na kama kitu kimeshawahi kushikwa kwa risasi mwambie mapema. Mimi baada ya mfungo nampelekea chetezo chenye mguu mmoja uliolegea.