Klampu mita ya elfu arobaini na tano: miezi mitano saluni kwangu Tandika

Mita hii ya kupimia umeme niliinunua Kariakoo mwezi wa pili kwa shilingi 45,000, muuzaji alianzia 60,000. Kilichonipeleka ni luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Tuko fremu tatu kwenye luku moja: mimi na saluni yangu, kijana wa fotokopi, na mama anayeuza chai, ambaye sote tunamwita shangazi. Kila umeme ukiisha mimi nilikuwa natoa nusu ya hela, wao wanagawana nusu iliyobaki, kwa sababu "draya ndiyo inakula umeme". Nilikuwa natoa huku roho inaniuma, maana sikuwa na cha kujibu.

Muuzaji aliniwekea mita mbili mezani. Ya kwanza ni ile ya kawaida ya nyaya mbili, bei yake nafuu, lakini ukitaka kupima mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita, ni lazima ukate njia ya umeme uupitishe ndani ya mita yenyewe, na hiyo ilikuwa inaishia ampea 10. Ya pili ina mdomo kama koleo. "Dada, hii unabana waya kwa nje, hukati kitu." Nikachukua hiyo.

Siku ya kwanza nilibana waya mzima wa draya, draya inanguruma, mita inasoma sifuri. Nikajua nimeuziwa bovu. Fundi wangu wa umeme ndiye aliyenieleza: ndani ya waya ule umeme unakwenda na kurudi, ukibana vyote viwili vinafutana. Ubane mmoja tu. Akanitengenezea ekstensheni fupi, amechana ganda la nje kama urefu wa kiganja, waya wa kahawia, wa bluu na wa kijani-njano vimetengana ila kila kimoja bado kina plastiki yake. Nabana wa kahawia peke yake. Bila kiekstensheni hicho mita hii haina faida nyumbani, na kwenye boksi hakimo.

Sasa hesabu. Kanuni ya Ohm nilikuwa nimeikariri sekondari, ila sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Mita inanipa volti na ampea, mengine ni kalamu. Volti ukizigawa kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia umeme, kwa omu; ukizizidisha kwa ampea unapata wati. Draya yangu saa nne asubuhi: volti 221, ampea 5.6. Hiyo ni omu 39.5 na wati 1,238. Ubavuni imeandikwa wati 2,000! Hata ingepata volti 230 kamili, kwa ukinzani huo isingefika 1,350. Niliilipia bei ya 2,000 kwa jina tu, na hilo liliniudhi kweli.

Jioni ilinifundisha jambo kubwa zaidi. Saa moja usiku, mtaa mzima umewasha, volti zilishuka hadi 196. Draya ileile ikasoma ampea 5.0. Ukigawa unapata omu 39.2, yaani ukinzani ni uleule, draya ni nzima. Lakini wati zimebaki 980. Volti zimepungua kama sehemu moja ya tisa, nguvu imepungua zaidi ya sehemu moja ya tano, kwa sababu volti zikishuka zinashuka na ampea zake. Mwaka mzima nilikuwa nawaambia wateja wa jioni wavumilie, draya imechoka. Sasa nywele nene nawapangia asubuhi.

Kisha nikaenda kwa shangazi. "Shangazi, naomba nipime jagi lako la umeme." "Pima mwanangu, ila usiniharibie." Volti 221, ampea 8.1: wati 1,790. Jagi la lita moja na nusu linachemka kwa dakika tano, naye kwa siku analiwasha kama mara thelathini. Hizo ni saa mbili na nusu, na kwa kuwa uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, linakula karibu uniti 4.5. Draya yangu kwa saa zake tatu ni 3.7. Sikufurahia kumwonyesha, kikombe cha chai yake ni mia tatu tu. Aliitazama karatasi, akakaa kimya, halafu akaniambia: "Basi wewe na mimi tutoe sawa." Kijana wa fotokopi anatoa robo.

Ukipima friji kuwa mwangalifu. Mota haifuati hesabu hii moja kwa moja. Volti mara ampea zinakupa namba kubwa kuliko wati halisi. Kwa jagi, pasi na draya, ambavyo kazi yake kubwa ni kutoa joto, hesabu inakaa vizuri.

Kasoro zake. Chini ya ampea 0.2 namba zinarukaruka, chaja ya simu huipati. Dawa yake ni kuuzungusha ule waya mmoja mara tatu kwenye koleo kisha kugawa kwa tatu. Kupima omu nayo inapima, ila lazima kifaa kiwe kimechomolewa ukutani. Jagi la shangazi likiwa la baridi lilinipa 27, karibu kabisa na 27.3 ya hesabu yangu, na hapo ndipo nilipoiamini mita yenyewe. Inajizima mapema, taa ya kioo ni hafifu, na waya mweusi wa kupimia ulikatika ndani kwa ndani mwezi wa tatu tangu niinunue. Wa kwake ulikuwa mwembamba mno. Nimenunua jozi nyingine nzito kwa 6,000, na ukienda kuichukua mita hii chukua na hizo siku hiyohiyo.