TAHADHARI: Chumba cha 180,000 Sinza, "mwenye nyumba yuko Dodoma"

Wakuu, mnaotafuta vyumba Dar kipindi hiki someni hapa kabla hamjatuma hela. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook: chumba masta, sebule na jiko, Sinza karibu na Shekilango, 180,000 kwa mwezi, LUKU yako mwenyewe, maji hayakatiki. Picha zinaonesha tailizi nyeupe, madirisha ya aluminiamu na geti la bluu. Mdogo wangu wa kike kalizwa hapo mwezi uliopita, milioni moja na ushee.

Bei ndiyo chambo. Mwenyeji wa Sinza anajua chumba cha namna hiyo, chenye choo ndani, hukipati kwa laki na themanini. Bei hiyo iko Goba ndani huko au Kimara ya mbali na lami, na bado kila siku utalipa bodaboda kufika barabarani. Lakini mtu aliyezungushwa juani na madalali, kila mmoja akimtoza elfu kumi ya kuoneshwa nyumba, akifika mahali pasafi kwa bei hiyo haulizi sana.

Sasa mchezo wenyewe. Dalali anakuja na funguo, anafungua, anakuacha ukague mpaka bomba la jikoni. Kila kitu ni cha kweli, nyumba ipo, chumba kipo. Halafu anapiga simu kwa "mzee" aliyeko Dodoma kikazi. Mzee ana sauti ya upole, anakuita mwanangu, anauliza umeoa au umeolewa na kama una fujo za muziki. Anasema mkataba atauleta kijana wake. Kijana anakuja kweli, na karatasi iliyochapwa vizuri yenye muhuri wa mwanasheria. Kodi ni miezi sita, dalali mwezi mmoja: 1,080,000 na 180,000 juu. Hela inatumwa kwa simu, na jina linalotokea si la mzee. Ukiuliza, unajibiwa ni laini ya mke wake. Hapo hapo dalali anapokea simu nyingine kwa sauti kubwa: "Bosi, njoo haraka, huyu dada anataka kulipia."

Jumamosi ya kuhamia, mdogo wangu kafika na kirikuu, godoro juu. Nje ya geti kakuta familia nyingine na vyombo vyao, na kijana mmoja mwenye begi na friji. Wote wana mkataba wa chumba kile kile. Mama wa nyumba ya pili ndiye aliyewaambia kwamba pale palikuwa na mpangaji aliyelipia muda mfupi tu, akaondoka usiku wa kuamkia Alhamisi. Mwenye nyumba halisi anaishi mtaa wa tatu kutoka hapo. Dodoma hajakanyaga mwaka huu.

Mnaona hesabu yao? Kinacholipa utapeli huu ni miezi sita. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, mwenye nyumba anajipangia bei na anajipangia miezi, na sisi tumeshazoea kubeba milioni kumpelekea mtu tusiyemjua. Tungekuwa tunalipa mwezi kwa mwezi, wangehitaji kuwaliza watu wengi mno kupata hela waliyoipata kwa watu watatu.

Wengine watashauri mdai hati ya nyumba. Kwa Dar hiyo haikufikishi mbali, nyumba nyingi za uswahilini zina karatasi za mauziano za serikali ya mtaa tu, na mwenye nyumba mwenyewe hatakuonesha kwa kodi ya chumba. Nendeni kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, na mwende pamoja na huyo anayejiita mwenye nyumba au kijana wake, mkasainiane pale. Hao wanawajua wenye nyumba kwa sura. Mdogo wangu alilitaja hilo, kijana akasema ofisi imefungwa, ilhali ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Akikwambia hivyo, rudisha simu mfukoni. Wapangaji wenzako nao waulize kodi wanampa nani, ila waulize dalali akiwa hayupo.

Kwa aliyekwishapigwa: polisi wanaweza kukwambia hayo ni madai, nenda mahakamani. Usikubali kirahisi. Mwambie umekuja kuripoti mtu aliyejipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, dai RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni, na utunze ujumbe wa muamala. Namba iliyopokea hela iripoti kwa ujumbe kwenda 15040, na pigia mtandao husika mara moja. Hela ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni kazi.

Juzi picha zile zile, na geti lile lile la bluu, nimeziona kwenye tangazo jingine. Sasa chumba kimehamia Makumbusho na bei imekuwa 170,000. Sisi tuna RB tatu za kituo kimoja. Kama nawe umelizwa kwa picha hizo, njoo PM na karatasi yako, tunarudi kwa mpelelezi pamoja.