York kwa miguu: pa kuingia, pa kupita na pa kula

Anayefika York, mji wa kaskazini mwa England, kwa treni kutoka London, safari ya karibu saa mbili, huuona ukuta wa mji mara tu atokapo stesheni. Nashauri aupande kabla ya kutafuta chai na kabla ya kununua tiketi yoyote, kwa sababu kutoka juu yake ndipo mtu huelewa mji huu umekaaje. Una urefu wa takriban kilomita 3.4, na katika England nzima hakuna ukuta wa mji uliosalia mrefu kuuzidi. Hauna kiingilio, hufunguliwa asubuhi na kufungwa jua linapokaribia kuzama. Malango yake makubwa wenyeji huyaita "bar", na kipande kilichopo kati ya Bootham Bar na Monk Bar ndicho ninachokipenda kuliko vyote, maana huko kanisa kuu huonekana karibu kabisa, likiwa limeinuka kupita miti na bustani za nyuma za nyumba. Hata hivyo, mahali pengi upande wa ndani hauna kinga, na ngazi zake ni nyembamba. Mwenye mtoto mdogo asimwachie mkono, na anayetumia kiti cha magurudumu atalazimika kuutazama kutoka chini.

Kanisa kuu lenyewe, York Minster, hulipiwa, na kiingilio chake si kidogo. Mimi nilikilipa bila majuto kwa ajili ya dirisha moja. Dirisha Kuu la Mashariki lilitengenezwa na fundi John Thornton wa Coventry kati ya mwaka 1405 na 1408, na katika vipande vyake zaidi ya 300 vya vioo vya rangi lilisimulia mwanzo wa dunia na mwisho wake, kwa kufuata vitabu vya Mwanzo na Ufunuo. Ukarabati wake wa miaka mingi ulikamilika mwaka 2018, kwa hiyo rangi zake sasa zimeng'aa. Tatizo ni kwamba picha za juu ziko mbali mno kwa macho matupu. Anayeweza achukue darubini ndogo, akae kwenye kiti, asiwe na haraka. Kupanda mnara wa kati, wenye ngazi 275, ni kwa wenye magoti mazima.

Lakini mahali pa York ambapo ningemshika mkono msomaji wa Kiswahili na kumpeleka mwenyewe ni Makumbusho ya Yorkshire, ndani ya bustani iitwayo Museum Gardens. Bustani ni bure, na watu wengi huishia humo, wakipiga picha magofu ya abasia, yaani makao ya watawa, ya St Mary's iliyovunjwa enzi ya Mfalme Henry VIII, wakawatazama kindi, wakaondoka. Nasikitika wanapofanya hivyo, kwa sababu ndani ya makumbusho yamo mabaki ya mwanamke aliyezikwa mjini hapa katika karne ya 4, zama za Warumi, ambaye jeneza lake la jiwe lilifukuliwa mwaka 1901. Alizikwa na kioo cha kujitazamia, chupa ya kioo cha buluu, na bangili za aina mbili: nyeusi za jeti, jiwe linalopatikana pwani ya Yorkshire, eneo ulimo mji huu, na nyeupe za pembe ya ndovu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, waliotangaza matokeo yao mwaka 2010, walichunguza fuvu na meno yake, wakaona kuwa huenda alikuwa na asili mchanganyiko yenye damu ya Afrika Kaskazini.

Nilisimama mbele ya bangili zile muda mrefu. Sisi wa pwani tumezoea kusimuliwa habari za pembe za ndovu kama habari za misafara ya karne ya 19, zenye machozi na minyororo. Kuiona pembe hiyo ikiwa pambo la bibi tajiri katika mji wa baridi wa kaskazini, takriban miaka 1,500 kabla ya misafara hiyo, kulinibadilishia picha niliyokuwa nayo. Wala hakuwa mgeni wa ajabu hapa. Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi tunayoiita leo Libya, alifia York mwaka 211.

Mwenye watoto atapendezwa zaidi na Jorvik, kituo kilichojengwa mahali palipochimbwa makazi ya Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia, ambamo mtu hupakiwa kwenye kigari na kuzungushwa katika mtaa wao ulioundwa upya, pamoja na harufu zake. Makumbusho ya Taifa ya Reli hayatozi kiingilio, na humo kimo Mallard, kichwa cha treni ya mvuke kilichoweka rekodi ya dunia ya kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Mtaa wa Shambles, uliokuwa wa wauza nyama, upitwe asubuhi na mapema, kabla umati haujaziba njia. Kulabu za kutundikia nyama bado zinaonekana kwenye baadhi ya maduka.

Kuhusu chakula, nianze na onyo. Yorkshire ina desturi ya kukaanga samaki na chipsi kwa mafuta ya ng'ombe, na pudini yake maarufu ya unga na mayai, inayoliwa na nyama ya kuoka siku za Jumapili, kwa asili hupikwa kwa mafuta hayo hayo. Mwenye kuzingatia halali, au asiyekula nyama, aulize kabla ya kuagiza. Nilikouliza nilijibiwa kwa adabu. Mkahawa mmoja niliouchagua kwa sababu tu ulikuwa karibu na vivutio ulinipa supu vuguvugu kwa bei ya mlo kamili, na tangu hapo nilitembea dakika kumi zaidi kabla ya kukaa kula.

Bettys, mkahawa wa chai ulio katika uwanja wa St Helen's, ni jambo jingine. Kampuni hiyo ilianzishwa na Mswisi Frederick Belmont, aliyefungua duka lake la kwanza Harrogate mwaka 1919. Bei ni ya juu, ila chai huletwa kwenye birika, maziwa kando, na skonzi zao, ambazo hazifanani na skonzi zetu laini za kuchovya, ni nzito, zinavunjika kwa vidole, na hupakwa jemu na krimu. Skonzi moja kubwa yenye matunda makavu ilinitosha hadi jioni.

Jioni hiyo nilirudi kanisani kwa ibada inayoimbwa na kwaya, ambayo hailipiwi. Vioo vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi, na sauti za waimbaji zilichukua muda kushuka kutoka darini.