Nimeikagua Lancia Fulvia inayopigwa mnada Jumamosi hapa Tabora

Wiki hii watu watatu wamenipigia kuulizia ile "gari ya Mtaliano" iliyoko Kanyenye. Jana asubuhi dalali akanifungulia banda, nikakaa nayo masaa matatu.

Ni Lancia Fulvia coupé ya 1971, 1.3 S, usukani kulia. Miaka 30 ya gereji, sijawahi kushika nyingine. Ukifungua boneti utadhani injini imeng'oka, maana imelala ubavu. Ndivyo ilivyotoka kiwandani. Silinda nne zimepangwa V, lakini V yenyewe nyembamba, nyuzi 13 hivi, mpaka silinda hedi moja inazifunika zote. Kabureta mbili, cc 1298, na tairi za mbele ndizo zinazovuta. Ile yenye injini kubwa zaidi, 1.6 HF, ndiyo iliyompa dereva Mtaliano Sandro Munari ushindi wa mbio za magari za Monte Carlo 1972. Miaka miwili baadaye akaja na Fulvia huku kwetu Afrika Mashariki, akashika nafasi ya tatu kwenye mbio za Safari Rally. Kwa vumbi na matope yale!

Sasa kutu. Huwa natembea na sumaku ya spika mfukoni. Mlangoni ilinasa. Bodi ya nyuma ikanasa. Kwenye kizingiti chini ya mlango wa dereva ikateleza, ikaanguka chini. Sumaku hunasa chuma tu, na pale ni puti tupu ya kuzibia, unene wa kidole, halafu ikapigwa rangi safi juu. Fundi aliyefanya vile alimdhulumu mwenye gari.

Nikapiga jeki nikaingia uvunguni, kwa sababu ugonjwa wa Fulvia uko kwenye fremu ndogo ya mbele inayobeba injini na springi. Ikioza pale, gari limekwisha. Niligonga kwa bisibisi kulia na kushoto: chuma kinalia, kizima kabisa. Ukavu wa Tabora umeitunza; ingekaa pwani tungekuta unga.

Betri imekufa, hivyo sikuiwasha, ila injini inazunguka kwa spana bila kukwama. Spea ni za kuagiza Italia au Uingereza, na gasketi utaisubiri.

Kwa milioni nane za kuanzia, mimi ningenunua. Kizingiti kikatwe, kiungwe bati jipya. Ila anayepanga kutoa injini ile aweke ya Corolla, namwomba kwa heshima zote amwachie mwingine. Kadi nimeiona, namba ya chesisi inalingana.